Likizo ya Karibi kwa watu wa snokeli na watu wa mtungi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa kila mwaka na familia na makundi ya marafiki, wengi wao wakiwa Waswahili wanaoishi Marekani, Kanada na Ulaya, na wachache wakitokea Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Wote wanataka kwenda Karibi huku baadhi yao wakizamia kwa mtungi na wengine wakielea juu na snokeli. Mfano ninaourudia zaidi ni kisiwa cha Bonaire, kwa sababu ndicho ninachokijua vizuri zaidi, na kwa sababu umbile lake lenyewe linajibu sehemu kubwa ya maswali haya.

## Mambo ya msingi

1. Kwa mtu anayepanga safari, kuna tofauti gani kati ya snokeli na kuzamia kwa mtungi?

Mwenye snokeli huelea kifudifudi akiwa na miwani ya kuzamia, mrija wa kuvutia hewa na mapezi miguuni. Anaweza kushuka kidogo kwa kubana pumzi, lakini makao yake ni juu ya maji, na haulizwi cheti. Mwenye mtungi hupumua hewa iliyoshindiliwa akiwa chini, ambako shinikizo huongezeka kwa kiasi kinacholingana na angahewa moja nzima katika kila mita 10, na mwili wake hufyonza naitrojeni ambayo lazima itoke polepole. Jambo hilo moja ndilo chimbuko la masharti mengi yanayombana: kina, muda wa kukaa chini, mapumziko kati ya mbizi moja na nyingine, na saa ya kupanda ndege (tazama swali la 17).

Tofauti itakayougusa mpango wako ni ya kina na ya saa. Mwenye snokeli hufaidi yaliyomo ndani ya mita 5 za kwanza, ambako rangi bado zimekolea. Mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kufika mita 18, mwenye cheti cha pili mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa burudani ni mita 40. Aliye chini hurudi juu baada ya dakika 45 hadi saa moja na hulazimika kupumzika, ilhali aliye juu anaweza kukaa majini asubuhi nzima.

2. Je, makundi hayo mawili yanaweza kukaa hoteli moja bila upande mmoja kuivumilia likizo ya mwenzake?

Yanaweza, ikiwa mwamba wa matumbawe uko mbele ya hoteli, karibu kiasi cha kuufikia kwa kuogelea, na unaanza kwenye maji ya kina kifupi kisha unateremka. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kundi kuchagua mahali kwa ndoto ya mzamiaji mwenye uzoefu kuliko wote, ambaye anataka kuta za chini sana na papa, kisha wenzake wakabaki siku 7 kwenye viti vya ufukweni wakisubiri mashua irudi. Chagua kwa kumtazama muogeleaji dhaifu kuliko wote katika kundi. Mzamiaji mzoefu atapata cha kumfurahisha kwenye mwamba wowote mzuri unaoteremka. Muogeleaji dhaifu hatapata kitu kwenye ukuta unaoanzia mita 20.

Nilimpeleka shangazi yangu Klein Bonaire, kisiwa kidogo kilicho karibu na Bonaire, akiwa na miaka 61, na hakuwahi kuvaa miwani ya kuzamia maishani mwake. Yeye alielea juu akiwa ameshika boya, mimi nikapita chini yake kwenye mita 9 hivi, na povu la pumzi zangu likapanda likapasukia kwenye viganja vyake. Tulipotoka majini alinisimulia mbizi yangu yote kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na kasa niliyemfuata na samaki mkunga niliyempita bila kumwona. Hilo ndilo ninalowatakia wanaoniuliza swali hili: bahari moja, saa moja, na mazungumzo mamoja mezani.

3. Twende kisiwa gani?

Kwa kundi mchanganyiko linalokwenda kwa mara ya kwanza, pendekezo langu ni Bonaire. Ni manispaa maalumu ya Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010, iko karibu na pwani ya Venezuela, na hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1979, inakizunguka kisiwa chote pamoja na kile kidogo cha Klein Bonaire, kuanzia mstari wa maji kujaa hadi kina cha mita 60. Upande wa magharibi umekingwa na upepo, na mwamba uko hatua chache kutoka nchi kavu. Sehemu za kuzamia, ambazo ni zaidi ya 80, nyingi zimewekewa mawe ya rangi ya njano kando ya barabara yenye majina yake, hivyo kundi linakodi gari la pikapu, linapakia mitungi na vikapu vya mapezi, na linaingia majini linapotaka. Kwenye gati la chumvi lililo kusini, watu wa mtungi huzunguka chini ya nguzo zilizofunikwa na sifongo huku watu wa snokeli wakielea juu yao katikati ya nguzo zile zile. Meli inapofunga gati, hakuna anayeruhusiwa kuingia. Meli ya Hilma Hooker, yenye urefu wa mita 72 na iliyozama mwaka 1984, imelala kati ya mita 18 na 30 hivi, na hiyo ni ya watu wa mtungi.

Bonaire ina upungufu wake. Fuo zake nyingi ni za vipande vya matumbawe, wala si mchanga, kwa hiyo bila viatu vya majini utaumia miguu. Mahali panapoitwa Ngazi Elfu hapana hata ngazi mia, ila ukipanda na mtungi mgongoni utaelewa jina lilikotoka. Wizi kwenye magari yaliyoegeshwa ni wa kawaida, na wenyeji hukushauri usiache kitu chochote ndani.

Curaçao, jirani yake, ina fuo ndogo za mchanga zilizobanwa na majabali, pamoja na boti ya kuvuta meli iliyozama kwenye mita 5 tu hapo Caracasbaai, ambayo mwenye snokeli anaiona yote na mwenye mtungi anaendelea kwenye mteremko ulio kando yake. Roatán, Honduras, inafaa sana kwa hoteli za West Bay, kwa kuwa mchanga ni mzuri na mwamba uko mbele yake. Grand Cayman ni ghali, lakini samaki wakubwa aina ya taa wa Stingray City wanaonekana na kila mtu, kuanzia anayesimama kwenye fungu la mchanga maji yakiwa kiunoni. Cozumel, Mexico, ina uzamiaji wa hali ya juu. Hata hivyo mkondo wake una nguvu, mzamiaji huchukuliwa na maji na mashua ikamfuata, hivyo watu wa snokeli kwa kawaida hupewa safari yao peke yao.

Belize inahitaji tahadhari kidogo kwa sababu ya jina kubwa la Great Blue Hole. Shimo hilo lina upana wa mita 300 hivi, na kinachotafutwa na wazamiaji ni mawe yanayoning'inia kwenye kina cha karibu mita 40. Mwenye snokeli husafiri masafa yale yale ya mashua na kuishia kuelea kwenye ukingo. Kama kundi lenu linakwenda Belize, hifadhi ya Hol Chan, karibu na Ambergris Caye, itawafaa wote zaidi.

4. Msimu gani unafaa?

Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Bei huwa juu kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili. Mimi hupendelea Mei na mwanzo wa Juni: wageni wamepungua, bei imeshuka na bahari ina joto. Maji ya Karibi huwa kati ya nyuzi 26 na 29 mwaka mzima au karibu na hapo.

Aliyekulia Tanga au Lamu atauliza kwanza kuhusu maji kujaa na kupwa, na hapa inambidi abadilishe mazoea. Kwetu wakati wa bamvua tofauti inaweza kukaribia mita 4, na ukikosea saa unatembea juu ya mwamba mkavu. Bonaire tofauti ni ya sentimita 30 hivi, kwa hiyo saa ya kuingia majini haipangwi kwa mwezi. Kinachotazamwa ni upepo. Upepo wa Karibi huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, bila kugeuka kama kusi na kaskazi, na ndiyo sababu hoteli za wazamiaji ziko pwani za magharibi. Pwani za mashariki ndizo pia zinazopokea zaidi mwani wa sagasamu, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi katika miaka mingi na kurundikana ufukweni.

5. Siku ngapi zinatosha?

Siku 7 za kulala hotelini hutoa siku 5 kamili za majini kwa watu wa mtungi, kwa kuwa siku ya kufika huliwa na safari na siku ya mwisho huliwa na masharti ya ndege. Anayetoka Afrika Mashariki asipange chini ya siku 10.

6. Nimesikia matumbawe ya Karibi yamekufa. Je, bado kuna cha kuona?

Kipo, lakini ni haki yako kujua hali ilivyo. Ugonjwa unaokausha nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, umesambaa katika sehemu kubwa ya Karibi na kufika Bonaire mwaka 2023. Mwaka huo huo joto la bahari lilisababisha matumbawe mengi kupauka. Utakutana na vichwa vikubwa vya matumbawe vilivyobaki mifupa mitupu, na inahuzunisha. Papo hapo utaona pono wakitafuna miamba, makundi ya samaki wa buluu, kasa kwenye majani ya bahari na sifongo za kila rangi. Suuza vifaa vyako kwa dawa inayotolewa na vituo vya uzamiaji kabla ya kuhamia sehemu nyingine, kwa maana unaweza kuubeba ugonjwa huo ndani ya suti iliyolowa.

## Hoteli, mashua na pesa

7. Je, hoteli ya kulipia kila kitu mara moja ina faida kwa kundi kama hili?

Inategemea ni nini kimo ndani ya bei. Hoteli nyingi kubwa hujumuisha chakula, vinywaji na vifaa vya snokeli, huku uzamiaji ukilipiwa kando kwa bei ya juu. Familia isiyokunywa pombe hujikuta inalipia kitu isichokigusa. Hoteli ndogo za wazamiaji hufanya kinyume: chumba, gari na hewa ya mitungi kwa wiki nzima katika bei moja, na chakula unajitafutia. Kwa kundi lenye wazamiaji wawili au zaidi, hesabu zangu zimeangukia upande wa hoteli ndogo mara nyingi.

Tena, ufuo wa mchanga mweupe wa kilomita nyingi, unaopendeza kwenye picha za matangazo, mara nyingi maana yake ni kwamba mwamba uko mbali na utafikiwa kwa mashua tu.

8. Tunaweza kupanda mashua moja sote?

Mnaweza, mradi mahali palipochaguliwa panamfaa aliye juu. Mashua ya asubuhi ya watu wa mtungi kwa kawaida hufanya mbizi mbili, na ya kwanza huwa ya kina zaidi. Niliwahi kupanda na marafiki wawili wa snokeli walioahidiwa kwamba sehemu zote ni nzuri kwa wote. Tulipofika, mwamba ulianzia mita 18, wao wakaona maji ya buluu matupu, wakapanda tena mashuani na kukaa juani kwa karibu saa 3 huku mawimbi yakiwatikisa. Mmoja alitapika, na hakurudi majini tena safari ile.

Kwa hiyo uliza jina la sehemu na kina cha juu kabisa cha mwamba, na uliza kama kuna mtu wa mashua atakayewaangalia walio juu wakati kiongozi yuko chini. Ukikosa jibu la wazi, watu wa snokeli wachukue safari yao. Klein Bonaire kuna mashua ndogo za abiria kutoka Kralendijk, mji mkuu wa Bonaire, zinazowashusha watu mahali ambapo mkondo mwepesi unawaleta wenyewe hadi ufukweni, na pale pale wazamiaji hushuka kwenye mteremko.

9. Niiulize nini hoteli kabla ya kulipa?

Uliza mwamba uko umbali gani kutoka ngazi ya kuingilia majini, na unaanzia kina gani. Uliza kama kuna ngazi au gati, kwa maana mtu mzima mwenye magoti mabovu hawezi kutembea kinyumenyume juu ya mawe akiwa amevaa mapezi. Uliza kama njia ya mashua imetengwa kwa maboya na eneo la kuogelea, idadi ya wazamiaji kwa kiongozi mmoja, na kama kuna oksijeni ya dharura kwenye mashua. Mwisho, uliza chumba cha mgandamizo cha kutibia wazamiaji kiko wapi. Bonaire, Roatán, Cozumel na Grand Cayman vipo. Wahusika wakisitasita kwenye swali la oksijeni, mimi hutafuta mahali pengine.

10. Bonaire kuna ada gani?

Mgeni asiye mkazi hulipa kodi ya kuingia ya dola 75, na watoto wadogo hulipa pungufu. Kisha kuna ada ya mazingira ya dola 40 kwa mwaka wa kalenda, inayokusanywa na STINAPA, wasimamizi wa hifadhi. Tangu mwaka 2023 kiasi ni kimoja kwa mwenye mtungi na mwenye snokeli. Hakikisha viwango kabla ya kusafiri. Pesa ya kisiwa ni dola ya Marekani tangu mwaka 2011. Mzamiaji pia hupewa maelekezo ya hifadhi na kufanya mbizi ya kupimwa kwanza kabla ya kuachiwa azamie mwenyewe.

11. Vipi kuhusu viza na ndege?

Mwenye pasipoti ya Marekani au Kanada hahitaji viza ya Bonaire kwa likizo fupi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya asidhani kwamba viza ya Schengen ndiyo viza ya Bonaire: visiwa vya Uholanzi vya Karibi viko nje ya eneo la Schengen na vina viza yake, na kama unastahili kusamehewa kwa sababu ya kibali cha ukaazi cha nchi nyingine, pata jibu la ubalozi wa Uholanzi kabla ya kukata tiketi. Mexico humruhusu mwenye viza halali ya Marekani kuingia bila viza yake.

Kutoka Afrika Mashariki njia rahisi ni kupitia Amsterdam, ambako KLM huruka hadi Bonaire. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa visiwa vingi hukiomba kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo.

## Watu, vyeti na vifaa

12. Mmoja wetu hajui kuogelea. Abaki nyumbani?

Asibaki. Ajifunze kwanza mambo mawili kwenye bwawa la karibu naye: kuelea kifudifudi akipumua kwa mrija bila kuinua kichwa, na kutoa maji yaliyoingia kwenye mrija kwa kupuliza kwa nguvu. Vipindi vinne au vitano hubadilisha kila kitu. Huko Karibi avae fulana ya kuelea, aingie mahali penye mchanga na maji ya kifuani, na awe na mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu. Mtu huyo asiwe na kamera mkononi. Kuhusu mtungi, kozi ya cheti humtaka mtu aogelee, hivyo hiyo isubiri.

13. Nichukue cheti kabla ya safari au huko huko?

Fanya nadharia na mazoezi ya bwawa nyumbani, kisha umalizie mbizi nne za baharini Karibi kwa barua ya rufaa ya mwalimu wako. Kozi nzima huko huko inawezekana kwa siku 3 au 4, lakini siku hizo unazitoa kwenye likizo na kuzitumia kusoma. Anayetaka kuonja tu anaweza kufanya mbizi ya majaribio na mwalimu, isiyozidi mita 12. Kama una cheti cha zamani na hujazamia kwa mwaka mmoja au zaidi, lipia kipindi cha kukumbushana.

14. Watoto wanaanza na umri gani?

Snokeli haina umri maalumu; mtoto anayeelea bila hofu na kukubali miwani usoni yuko tayari. Kwa mtungi, PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, hutoa cheti cha vijana kuanzia miaka 10. Mwenye miaka 10 au 11 haruhusiwi kupita mita 12 na huzamia na mzazi, mlezi mwenye cheti au mtaalamu, na kuanzia miaka 12 hadi 14 hufika mita 18 akiwa na mtu mzima mwenye cheti. Mtoto akisema hataki, msimsukume.

15. Tubebe vifaa gani, na jua tulikabili vipi?

Miwani ya kuzamia kila mtu abebe yake. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakufaa. Mwenye ndevu au sharubu nene aijaribu kwa makini zaidi. Mapezi, mitungi na makoti ya kuelea hukodiwa huko. Mzamiaji abebe kompyuta yake ya mbizi kama anayo, na suti ya mpira ya milimita 3. Viatu vya majini ni lazima kwa Bonaire, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la 3. Glavu ziacheni, kwani hifadhi ya Bonaire imezipiga marufuku.

Jua huwaumiza watu wa snokeli kuliko watu wa mtungi. Mgongo, shingo na nyuma ya magoti vinakaa juani kwa saa nyingi bila wewe kuhisi joto, na ngozi nyeusi nayo huungua. Nguo ya mikono mirefu ya kuogelea na suruali yake vinazidi mafuta yoyote. Mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati hudhuru matumbawe, na Bonaire imeyakataza. Tafuteni ya madini ya zinki.

16. Ninavaa hijabu. Je, nitaweza kuzamia?

Utaweza bila shida. Suti ndefu ya mpira pamoja na kofia yake ya kichwani hufunika mwili wote isipokuwa uso na viganja, na juu yake unaweza kuvaa gauni jepesi la kuogelea mpaka unapofika mashuani. Ukingo wa kofia usiingie chini ya mpira wa miwani, vinginevyo maji yatapenya. Ukimtaka mwalimu mwanamke, omba mapema kwa barua pepe, kwa kuwa vituo vidogo vina walimu wachache.

## Usalama na hali zisizo za kawaida

17. Baada ya kuzamia, nisubiri muda gani kabla ya kupanda ndege?

Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni angalau saa 12 baada ya mbizi moja tu isiyohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda ili kupunguza mgandamizo, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku kadhaa. Wengi, mimi nikiwemo, husubiri saa 24. Ndege ikiondoka saa 8 mchana siku ya Jumamosi, mbizi ya mwisho ni ya Ijumaa asubuhi. Snokeli haina sharti hilo, kwa hiyo siku ya mwisho wote huwa watu wa snokeli, na ndiyo siku ninayoipenda zaidi.

Milima nayo huhesabiwa. Kilima cha juu kabisa cha Bonaire kina mita 241 tu, lakini Dominica ina kilele kinachozidi mita 1,400, na kukipanda mchana baada ya mbizi za asubuhi ni hatari ya aina ile ile.

18. Snokeli si salama zaidi kuliko mtungi?

Watu huidharau, na dharau hiyo ndiyo inayowaumiza. Mzamiaji amefundishwa, amepimwa na ana mwenzake. Mwenye snokeli mara nyingi amekodi mrija na kuingia majini peke yake. Kwenye pwani za magharibi upepo hutoka nchi kavu kuelekea baharini, na maji yaliyotulia humdanganya anayeelea kwa utulivu huku akisukumwa nje. Inua kichwa kila baada ya dakika chache utazame ulikotoka. Anza kwa kwenda dhidi ya mkondo ili urudi nao. Vuta boya la rangi kali mashua zikuone. Usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kushuka kwa kubana pumzi, kwa sababu unaweza kupoteza fahamu bila dalili. Miwani inayofunika uso wote siipendekezi, maana ni vigumu kuivua upesi maji yakiingia.

19. Nina pumu, shinikizo la damu, au ni mjamzito. Je?

Pata fomu ya afya ya wazamiaji ukiwa bado nyumbani, uijaze kwa ukweli, na ukijibu ndiyo popote panapotaka daktari, mwone na upate saini yake kabla ya safari. Bila hiyo kituo kinaweza kukukatalia hata kama umelipa. Mjamzito hazamii kwa mtungi. Snokeli kwenye maji tulivu, kwa ushauri wa daktari wake, inawezekana. Mwenye ugonjwa wa moyo aulize hata kuhusu snokeli. Mwenye mafua asizamie siku hiyo, kwa kuwa masikio hayatasawazika, na dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu akiwa bado chini.

20. Mimi peke yangu ndiye mzamiaji katika familia. Nitazamia na nani?

Kituo kitakupangia mwenza au kiongozi. Usizamie peke yako eti kwa sababu mke au mume anakutazama kutoka juu. Aliye juu hana hewa ya kukupa. Zamia mbizi ya kwanza ya asubuhi, urudi kabla ya saa 5, na muda uliobaki uwe wa familia.

21. Tuogope viumbe gani?

Wachache, na wote hudhuru wakiguswa au kukanyagwa. Matumbawe ya moto huchoma kama upupu. Miiba mirefu myeusi ya wanyama wa mviringo walio kwenye nyufa za mwamba hukatikia ndani ya nyayo. Samaki-simba, aliyevamia Karibi kutoka bahari zetu za Hindi na Pasifiki na kuonekana Bonaire mwaka 2009, ana miiba yenye sumu. Kasa usimguse wala kumzuia anapopanda kuvuta pumzi.

22. Kimbunga kikija tukiwa huko, au kabla hatujaondoka?

Bonaire na Curaçao ziko kusini ya njia kuu ya vimbunga, lakini kusini si kinga kamili: Lenny mwaka 1999 na Omar mwaka 2008 vilipita mbali na bado vikasukuma mawimbi makubwa kwenye pwani ya magharibi ya Bonaire na kuvunja matumbawe ya kina kifupi. Upepo ukigeuka na kutoka magharibi, watu wa snokeli wasiingie upande huo, hata kama mawimbi yanaonekana ya wastani kutoka barandani.

Bima inunuliwe siku ile ile unapolipia safari, kwa sababu dhoruba ikishapewa jina, bima mpya kwa kawaida haitaifidia. Wazamiaji wawe na bima ya uzamiaji inayolipia chumba cha mgandamizo na kusafirishwa kwa dharura, kwa maana bima nyingi za kawaida za safari huiacha nje mbizi ya mtungi au huiwekea mpaka wa kina. Nambari ya simu ya dharura ya bima hiyo iandikwe kwenye karatasi, na nakala yake akae nayo mtu wa snokeli, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa juu siku itakapohitajika.